Barua ya wazi kwa masheikh na wasafirishaji wa Umra wa Mtwara na Lindi: barua ya maharimu inadaiwa na nani?

Kwa masheikh wetu wa mikoa, wilaya na kata za Mtwara na Lindi, na kwa wakuu wa taasisi na mawakala wanaowasafirisha Waislamu wa mikoa yetu miwili kwenda Hija na Umra.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia nikiwa mjane wa miaka 57, mkazi wa Chikongola hapa Mtwara mjini, mwenye shamba la mikorosho nililoachiwa na marehemu mama yangu upande wa Kitangari, na mmoja wa wanafunzi wa darsa ya wanawake inayokutana kila Alhamisi baada ya Alasiri. Nimekwenda Umra mara moja, mwaka 2023, na nikijaaliwa nitarudi. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo ninalolileta nimekwisha kulisema kwa mdomo, barazani na ofisini, na kila nilipolisema nilisikilizwa kwa upole, nikakaribishwa kinywaji, kisha nikaondoka bila jibu.

Jambo lenyewe ni barua. Mwanamke wa huku anapokwenda kwa msafirishaji kujiandikisha Umra, hutakiwa alete pasi ya kusafiria, fedha, na barua ya ruhusa kutoka kwa maharimu wake, awe ni mume, baba, kaka, mjomba au mtoto wa kiume aliyebaleghe. Akiuliza ni nani hasa anayeidai barua hiyo, hujibiwa kwa maneno mawili: "Saudia wanaitaka." Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo, kwa sababu jibu hilo lilikuwa kweli zamani, na leo si kweli tena.

Kwa miaka mingi serikali ya Saudi Arabia ilimtaka mwanamke aliye chini ya umri wa miaka 45 afuatane na maharimu wake, na aliyetimiza miaka hiyo aliruhusiwa kusafiri ndani ya kundi linalotambulika mradi awe na barua ya maharimu ya kumridhia. Mwaka 2021, wakati Hija ilipokuwa ya wakazi wa Saudi Arabia peke yao kwa ajili ya korona, wanawake waliruhusiwa kujiandikisha bila maharimu wakiwa pamoja na wanawake wenzao. Kisha Oktoba 2022 Waziri wa Hija na Umra wa nchi hiyo, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza akiwa Cairo kwamba mwanamke kutoka nchi yoyote duniani anaweza kufika kutekeleza Hija au Umra bila kufuatana na maharimu. Katika mwaka huohuo viza ya Umra ilirefushwa kutoka siku 30 hadi siku 90, mwenye viza hiyo akaruhusiwa kuingia kwa uwanja wowote wa ndege na kutembelea miji mingine ya nchi hiyo, na likafunguliwa jukwaa la Nusuk ambalo kwalo mtu huomba vibali vyake kwa simu yake mwenyewe. Mimi nilisafiri miezi kadhaa baada ya tangazo la Cairo, na barua nilidaiwa vilevile.

Naomba mniruhusu nieleze nilivyoipata. Mume wangu alifariki mwaka 2015, na baba yangu alikuwa amekwisha kumtangulia. Kaka sina. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi ya kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake na ambaye kisheria pia ni maharimu wangu, alikuwa kitandani Newala, mgonjwa wa kupooza, hajui tena siku wala saa. Akabaki mwanangu, wakati huo ana miaka 20, anasoma chuo Dar es Salaam kwa ada ninayoitoa katika korosho. Nilimpigia simu nikamwagiza aandike kwamba ameniruhusu kusafiri. Alinyamaza, kisha akauliza, "Mama, mimi ndiye nikuruhusu wewe?" Akaandika kwa haya, akasaini, akanitumia picha yake kwenye simu. Karani wa msafirishaji aliichapisha, akaigonga muhuri, akaitia ndani ya faili, na tangu siku hiyo sijamwona mtu mwingine yeyote aliyeitazama. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hawakuniuliza habari yake. Jeddah ofisa alitaka pasi na alama za vidole, akanigongea muhuri, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mimi yangu ilikuwa nyepesi. Mwenzangu mmoja wa darsa, aliyesafiri mwaka 2019 wakati barua ilipokuwa inatakiwa kweli, hakuwa hata na mtoto wa kiume. Aliambiwa atatafutiwa maharimu ndani ya msafara, na akalipishwa shilingi 300,000 kwa jambo hilo bila kupewa stakabadhi. Karatasi zilipotoka, alikuta ameandikwa kuwa ni dada wa mwanamume mmoja wa Morogoro ambaye hajapata kumwona maishani mwake. Na kwa kuwa majina ya baba hayakufanana, aliyeandika alimaliza tatizo kwa kuwaandika kuwa ni ndugu wa mama mmoja. Walionana kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege. Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo alinipa huku akicheka na macho yamemjaa machozi, yule bwana aliuamini udugu ule kiasi kwamba walipofika Makka alimletea kanzu zake azifue.

Sasa ninawauliza kwa adabu, masheikh wetu. Mwanamke huyu alitoka kwake kwenda kuitikia wito wa Mola wake, na jambo la kwanza alilofanya katika ibada hiyo lilikuwa kuweka saini chini ya uongo. Aliandikwa ndugu wa mtu asiye ndugu yake, kisha akapangiwa kukaa karibu naye, kutembea naye na kuhesabiwa naye, mambo ambayo asingeyafanya na mwanamume wa kando hapa Chikongola hata siku moja. Ikiwa shabaha ya sharti la maharimu ni kumhifadhi mwanamke, basi maharimu wa karatasi alimwondolea hifadhi hata ile aliyokuwa nayo. Na ninasikitika kusema kwamba hata baada ya tangazo la 2022 nimesikia kwa masikio yangu gharama hiyo ya "kutafutiwa maharimu" ikitajwa kwa mwanamke anayetaka kujiandikisha.

Najua kwamba tangazo la waziri wa Saudi Arabia si fatwa, na serikali kuondoa sharti katika viza hakuhalalishi wala kuharamishi kitu. Hilo nalikubali bila ubishi, na ndiyo sababu sikuandika barua hii kwa maofisa peke yao. Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza mwanamke kusafiri bila maharimu, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Imo pia habari ya yule mtu aliyekuwa ameandikwa kwenda vitani, akasema mke wake ametoka kwenda Hija, Mtume akamwambia aende akahiji na mke wake. Sina haja ya kuzificha Hadithi hizo, na mwenye kushikamana nazo kama zilivyo simlaumu. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yamesimama hapohapo, kwamba mwanamke hapaswi kutoka ila na mume au maharimu.

Lakini sisi wa pwani hii tumelelewa katika madhehebu ya Shafi. Wengi wenu mmesoma Minhaji ya Imamu Nawawi vyuoni, nasi wanawake tumeisikia ikisomwa kutoka nyuma ya pazia. Mlango wa Hija wa kitabu hicho unaanza kwa kusema kwamba Hija ni faradhi, na Umra vilevile ni faradhi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Na ulipofika kwa mwanamke, ulimwekea sharti kwamba atoke pamoja na mume, au maharimu, au wanawake waaminifu. Hayo ya wanawake waaminifu hayakuletwa na waziri wa mwaka 2022. Yameandikwa miaka zaidi ya 700 iliyopita na mwanachuoni ambaye hakuna kati yenu anayemtilia shaka. Wamaliki nao wanakubali msafara wa kuaminika kwa safari ya faradhi. Na katika Bukhari imo habari ya Umar bin Khattab katika Hija yake ya mwisho, alipowaruhusu wakeze Mtume wahiji, akawafuatanisha na Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Awf. Na imo ahadi ambayo Mtume alimpa Adi bin Hatim, kwamba akiishi ataona mwanamke akitoka Hira, mji wa Iraki, juu ya ngamia mpaka aizunguke Kaaba bila kumwogopa yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu, na Adi akasema kwamba aliishi akaliona hilo.

Nayaeleza haya kwa unyonge, maana nayaeleza kwa walionifundisha. Najua vilevile kwamba wanazuoni wetu wametofautisha Umra ya kwanza, ambayo ni faradhi ya umri, na ile ya pili na ya tatu ambayo ni sunna, na kwamba katika hizi za sunna wengi wao wamekaza, wasitosheke na wanawake waaminifu. Hiyo ni tofauti ambayo mwanamke ana haki ya kuijua kabla hajatoa fedha yake. Mimi ninayesema nataka kurudi, inanihusu mwenyewe, na huenda jibu lenu kwangu likawa ni kunizuia. Nitalipokea. Ninachokataa ni kuzuiwa na karani kwa jina la Saudia, kisha karani huyohuyo akaniachia nipite nikimpa 300,000.

Hapa ndipo panaponiumiza, na naomba mpaangalie kwa utulivu. Kuna sharti la viza, ambalo ni la serikali na limekwisha kuondolewa. Kuna hukumu ya dini, ambayo ni yenu kuieleza na ina kauli zaidi ya moja. Na kuna utaratibu wa ofisi, ambao msafirishaji amejiwekea kwa sababu anazozijua yeye. Yote matatu yamefungwa katika kitambaa kimoja, mwanamke akakabidhiwa, na akijaribu kukifungua anaonekana mkaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sijapata mtu wa kunieleza. Kabla ya safari yangu niliitwa Dar es Salaam mara mbili, mara moja kuleta karatasi na mara moja kuhudhuria semina ya siku moja. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kwa kadiri yoyote wanayoitumia wanazuoni wetu hiyo ni safari, mtu anapunguza Sala ndani yake. Nilipanda basi alfajiri peke yangu, nikapita Lindi, Nangurukuru, Somanga na Ikwiriri nikiwa nimekaa na watu nisiowajua, nikafika giza limeingia, nikalala kwa watu wa kufahamiana, nikarudi vivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza maharimu wangu yuko wapi. Wala hakuna anayewauliza wanawake wanaopanda mabasi hayo kila siku kwenda kununua vitenge Kariakoo. Maharimu amekuja kukumbukwa Dar es Salaam, mlangoni mwa ofisi ya Umra, baada ya mwanamke kuisafiri peke yake njia ambayo kwa uchovu wake inazidi ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah. Mwezi Mei 2024 barabara hiyo ilikatika upande wa Somanga kwa mvua na Kimbunga Hidaya, na watu wakakwama. Semina ya siku moja haishindwi kufanyika Mtwara au Lindi, kwa kuwa masheikh wa kuifundisha tunao, na wanawake wa kuijaza wapo.

Wapo wanaosema kwamba wanawake wanaotaka kusafiri bila wanaume wao ni wa Dar es Salaam na Unguja, waliosoma na wenye mishahara, na kwamba wa huku kusini wana haya na hawahitaji jambo hili. Anayesema hivyo hajatutazama vizuri. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo umekuwa ukihesabiwa upande wa mama, na mashamba mengi yamepita kutoka kwa mama kwenda kwa binti kabla hata babu zetu hawajaanza kupanda mikorosho. Ninapovuna, nazipeleka korosho zangu chama cha msingi kwa jina langu, zinapimwa, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, na fedha zinaingia katika akaunti yenye jina langu. Zaka yake naitoa mimi. Hakuna mpimaji aliyepata kunidai barua ya mwanamume ili aweke gunia langu juu ya mizani. Na kwa kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha kuijia Nyumba yake kwa kila mwenye uwezo wa kuiendea, bila kusema mwanamume au mwanamke, fedha hiyo ndiyo inayoniweka katika hisabu ya wenye uwezo, na nikifa sijakwenda nitaulizwa mimi. Mwanangu hataulizwa kwa niaba yangu.

Sikusudii kuwasemea wanawake wenye waume wanaotaka kuondoka kwa siri. Mke na mume wana makubaliano yao, na safari ya mwezi mzima si jambo la kumwachia mtu ujumbe wa simu. Wala simsemei mjane aliye ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi. Nawasemea wajane waliomaliza eda zao, watalaka, wazee wasio na mtoto wa kiume, na wake ambao waume zao wamekubali kwa moyo mweupe lakini fedha ya nyumba inatosha mtu mmoja. Hao ni wengi katika kila mtaa wa Mtwara na Lindi, nanyi mnawajua kwa majina.

Nije kwenye hofu ya usalama, ambayo naiheshimu, maana nilikuwa nayo. Nilipofika Msikiti Mtukufu na kuona lile bahari la watu nilishika ukanda wa mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtoto. Tulikuwa wanawake watatu wa Mtwara ndani ya msafara wa watu zaidi ya thelathini: mimi, mama mdogo wangu, na binti wa jirani mwenye miaka 29 aliyeachika. Tuliapiana hapo nje kwamba hatutaachana, na hatukuachana. Tulitufu, yaani tuliizunguka Kaaba, mara saba (yule binti baadaye, kwa sababu nitakayoieleza), tukasali rakaa mbili nyuma ya Makamu Ibrahim, tukanywa Zamzam, tukaenda kusai, kutembea kati ya Safa na Marwa. (Masheikh, mnatarajia hapa nimtaje Bibi Hajar, mwanamke aliyekuwa peke yake bondeni na mtoto wake mchanga, ambaye nyayo zake ndizo zinazofuatwa na wanaume wote duniani kati ya Safa na Marwa. Sitaifanya kuwa hoja, kwa sababu mtanijibu kwamba aliachwa pale kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na mtakuwa mmesema kweli. Nasema tu kwamba nilimkumbuka.) Hakuna aliyetugusa kwa ubaya. Kilichotupata ni mambo ambayo mwanamume yeyote wa karatasi asingeyatatua, na mengine ndiye angeyazidisha.

La kwanza lilimpata yule binti. Tulipokuwa Madina, usiku wa kuamkia siku ya kwenda Makka, hedhi yake ilikuja kabla ya wakati. Asubuhi ile tuliingia katika ihramu, yaani hali ya kuanza ibada, Dhul Hulayfa nje ya Madina, naye akaingia kama sisi, kwa sababu hakujua afanyeje na aliona haya kumwambia amiri wa msafara, kijana wa kiume wa umri wake. Aliniambia mimi usiku, Makka, akiwa amejifunika shuka, analia. Ratiba yetu ilikuwa ya siku nne tu Makka kabla ya kurudi, na yeye akihesabu siku zake aliona hazitoshi. Alikuwa anafikiri atufu hivyohivyo na anyamaze. Nikamkumbusha yaliyompata Bibi Aisha katika Hija ya kuaga, Mtume alipomkuta analia, akamwambia hilo ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, basi afanye yote anayofanya mwenye kuhiji ila asiitufu Nyumba mpaka atwahirike. Lakini mimi si mwanachuoni. Sikujua kumjibu kuhusu kubaki kwake ndani ya ihramu, wala iwapo anaweza kuahirisha ndege, wala kuhusu vidonge vya kuzuia hedhi ambavyo wanawake wengine walivinunua njiani bila kumuuliza daktari. Alitwahirika siku ya nne alfajiri, akaoga, akatufu na kusai mbio huku mabasi yanapakia mizigo. Tungekuwa na mwanamke mmoja aliyesoma, aliyewekwa rasmi kutuongoza, jambo hilo lingeulizwa Mtwara, kabla ya kukata tiketi, na ratiba ingepangwa kwa kulifikiria. Viza ni ya siku 90. Siku nne zilikuwa za msafirishaji.

La pili lilikuwa Rawdha. Kuingia Rawdha ndani ya Msikiti wa Mtume kunahitaji kibali cha Nusuk chenye siku na saa, na wanawake wana nyakati zao. Vibali vyetu vilikuwa katika simu ya amiri, kwa sababu ofisi ndiyo iliyotufungulia akaunti na kukaa na maneno ya siri. Saa yetu ilipofika tulikuwa tumesimama mlangoni tangu mapema, na amiri alikuwa amelala hotelini, simu yake imezimwa. Askari wa kike alitusikiliza kwa huruma, akatuonyesha kwa mkono kwamba bila kibali hatupiti. Tulipita siku ya pili, kwa sababu binti mmoja wa Kihabeshi, tuliyekutana naye hapohapo na ambaye hatukuelewana lugha ila kwa ishara, alimsaidia yule binti wetu kufungua akaunti kwa simu yake mwenyewe na kutafuta nafasi iliyobaki. Tangu siku ile vibali vyake vimekaa mkononi mwake.

Ikiwa tunazungumzia hatari, basi tuzungumzie ile iliyokwisha kuua watu. Katika Hija ya mwaka 2024 walifariki mahujaji zaidi ya 1,300 kwa mujibu wa serikali ya Saudi Arabia, katika joto kali, na wengi wao walikuwa hawana vibali vya Hija, wametembea juani bila hema wala usafiri uliopangwa. Karatasi zao hazikuwa sawa, na watu wengi walipokea fedha zao wakijua hivyo. Mwanamke aliyezoeshwa kusaini udugu wa uongo leo, atasaini na viza isiyo yake kesho akiambiwa ndiyo njia, kwa kuwa hajapata kuonyeshwa karatasi ya kweli inafananaje.

Kwa hiyo, masheikh wetu, naomba mkae, kwa namna mnavyokaa katika mambo mengine, na mtoe maelezo ya maandishi juu ya safari ya mwanamke kwenda Umra: ya faradhi na ya sunna, akiwa na maharimu, akiwa na wanawake waaminifu, na akiwa peke yake. Elezeni kauli za madhehebu yetu na za wengine, mtuambie ninyi mnasimama wapi. Mkisema haifai, isomwe misikitini kwamba haifai kwa mujibu wenu, ili mwanamke ajue anamtii nani. Mkisema inafaa kwa sharti, sharti litajwe. Na katika hali zote mbili semeni waziwazi kwamba kuandika udugu usiokuwepo ni uongo, na fedha inayochukuliwa kwa ajili yake ni haramu.

Kwenu wasafirishaji, ombi langu ni kwamba karatasi mnayotupa ya masharti itenganishe kile kinachotakiwa na viza na kile mnachokitaka ninyi. Ikiwa taasisi yako inaona ni salama zaidi kumpokea mwanamke akiwa na barua ya jamaa yake, ni haki yako. Liandike kwa jina lako, na usipandishe bei juu yake. Kila fedha iwe na stakabadhi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo lazima mtu awe amechomwa siku zisizopungua kumi kabla ya kufika, tuambieni mapema inapatikana wapi. Msafara wenye wanawake uwe na mwanamke wa kuwaongoza, aliyesoma mlango wa Hija na mlango wa hedhi, na alipwe kama anavyolipwa amiri. Akaunti ya Nusuk ya mwanamke ifunguliwe kwa simu yake, na neno la siri alijue yeye. Asiyejua kusoma afundishwe na mwanawe au mjukuu wake katika semina hiyohiyo, ambayo nimekwisha kuomba ifanyike huku.

Katika darsa yetu tuko wanawake tisa tulioweka nia. Wanne ni wajane, watatu watalaka, wawili wana waume waliokubali. Mdogo wetu ana miaka 34 na mkubwa wetu ana 71. Kila mmoja anaweka akiba kwa namna yake, mwingine katika ufuta, mwingine katika samaki wa kukausha, na wengi wetu tunangoja minada ya korosho ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Fedha zikiingia tutakuwa na wiki chache za kuamua tumpe nani, kwa masharti gani, kabla bei za karibu na Ramadhani hazijapanda. Tungependa majibu yenu yawe yametufikia kabla ya mnada wa kwanza, kwa maandishi, tuyasome na kuyaweka.

Atakayependa kutujibu ana kwa ana, darsa ni Alhamisi baada ya Alasiri, na mkeka utakuwa umetandikwa.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi dada yenu katika Uislamu,
Mwanadarsa wa Chikongola, Mtwara